Krismasi ya Kipupwe

Baba alizikwa Jumanne, na kufikia Alhamisi watu walikuwa wameshaanza kunipangia Desemba. Nilikuwa nyuma ya nyumba, kule kwetu ndani, ukipita Matuga ukashika njia ya Kinango, nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi na ungo wa mchele wa matanga mapajani. Nyamawi, mtoto wa ndugu yangu, akaja akachuchumaa karibu nami kwa ile adabu ya watu wa hoteli, mikono imeunganishwa, kichwa kimeinama kidogo. Yeye ni msimamizi wa zamu katika hoteli moja ya Diani. Akaniamkia, nikaitikia marahaba. Akasema, "Shangazi, sisi vijana tumezungumza. Sasa Babu ametutoka, tumeona ile sherehe ya mwezi wa sita tuiache. Tuifanye Desemba kama watu." Nilimwambia mchele ule una mawe mengi, anisaidie kuchambua au aondoke. Alichambua kidogo, akaondoka. Sikumjibu siku ile kwa sababu msibani mtu hajibu kila kitu anachoambiwa. Namjibu hapa, kwa kirefu, na akipenda awasomee na hao vijana wenzake.

"Kama watu" ndilo neno lililonikaa kooni. Sisi tulikuwa nani, siku zote hizo? Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa darasa la saba, na tulikuwa tunakaa Ukunda, nyuma kidogo ya Kona ya Musa, chumba kimoja katika nyumba ya kupangisha, kitanda cha wazazi upande mmoja na mkeka wetu upande wa pili, katikati pazia la kanga kuukuu ambalo maandishi yake yalikuwa yameshafutika. Kila lililosemwa upande ule tulilisikia upande huu. Baba alikuwa mpishi wa keki na mikate hotelini, na mashati yake yalinuka vanila hata baada ya kufuliwa. Harufu hiyo ilining'inia chumbani kwenye msumari nyuma ya mlango, na kwa miezi mingi ndiyo iliyokuwa Baba, kwa maana mwenyewe alitoka hatujaamka na kurudi tumeshalala. Desemba hakurudi kabisa. Desemba alilala kulekule, katika vyumba vya wafanyakazi, kwa sababu ndio mwezi wazungu waliokimbia baridi ya kwao walipojaa, na hotelini walikuwa na sheria yao: Desemba hakuna likizo, na hata ukifa, walitaniana wenyewe, utoe taarifa mapema.

Wageni wale walikuwa wamekimbia theluji, lakini wakifika kwetu waliitamani. Basi hoteli iliwatengenezea. Kila mwaka gari la hoteli lilitumwa kwa mama yake Baba kuchukua sufi, kwa kuwa Bibi alikuwa na msufi mkubwa pembeni ya boma, na sufi ile ikatandazwa chini ya mti wa Krismasi wa plastiki na kunyunyizwa juu ya majani. Bibi Mbeyu aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo wenyewe wanalala," akasema, "na mito wameimwaga chini." Sisi hatukuwahi kuuona mti huo, maana watoto wa wafanyakazi hawakupita lango. Tulichokiona ni keki. Ili keki ikae mraba mezani kwa wageni, kando zake hukatwa, na kando hizo Baba alizikusanya, akazifunga katika karatasi za kufutia mikono, akampa dereva wa hoteli, Maneno, atuletee akipita Ukunda. Tulizila taratibu, tukigombania ile yenye zabibu kavu. Zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa na miaka mingi ya kula keki bila kuwahi kuona keki, na Krismasi asubuhi tulikwenda kanisani na Mama, tukarudi, tukala wali na kuku, na kiti cha Baba kikawekewa mzigo wa nguo za kupiga pasi ili kisionekane kitupu.

Masika yalipofika, hoteli ilifungwa. Ndivyo ilivyokuwa zamani: mvua ikinyesha wageni hawaji, basi viti vilifunikwa mashuka, bwawa likaachwa likawa la kijani, na wafanyakazi wakaambiwa waende makwao wangoje kuitwa. Hapo ndipo tulipompata Baba. Nikisema furaha na huzuni vilikaa mkeka mmoja nyumbani kwetu, namaanisha miezi ile. Alilala mchana, nasi tulisogeza pazia tumtazame, kwa kuwa hatukuwa tumezoea kumwona akiwa mzima mchana. Aliamka akapika. Mchicha ule ule aliochuma Mama nyuma ya choo aliukata uzi mwembamba, akautandaza kwenye sahani ya bati kwa mtindo wa hoteli, akausogeza mbele yetu akisema, "Karibuni, mabibi na mabwana." Tulikula kwa kicheko, na ilikuwa mchicha na sima, jana mchicha na sima, na chai ilikuwa ya rangi tangu Pasaka. Mama hakucheka sana. Asubuhi moja nilimsikia akimwambia jirani kwenye bomba la maji, "Mume akiwepo, chakula hakipo. Chakula kikiwepo, mume hayupo. Mungu angenichagulia kimoja nikajua moja." Jirani akamjibu kwamba wengine hawana vyote viwili, amshukuru Mungu. Mama akasema atamshukuru akishanunua maziwa.

Katika masika hayo Bibi alikuja Ukunda. Hakuwa mtu wa kuja. Aliletwa na Shangazi Mwanaisha, dada yake Baba, ambaye alipoolewa Msambweni na Fundi Bakari, mshonaji wa kanzu, alisilimu na kubadili jina, na kwao hakuna aliyelifanya hilo kuwa kesi. Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, na nilipompa chai niliuona mkono wake ulivyopungua ndani ya leso. Sote tuliona. Sote tulijifanya hatukuona. Mama akatutoa upande wa pili wa pazia, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, na nikasikia kila neno.

"Ndoro," Bibi alimwambia Baba, "wewe ndiwe mwanangu wa kwanza, na mimi nakuona katika matanga tu. Akifa mtu, nakuona. Nasikia tutaonana tena nikifa mimi."

"Mama, ni kazi."

"Najua ni kazi. Sikuja kuishtaki kazi. Nimekuja kuuliza, hiyo hoteli ikifungwa, wewe huwa wa nani?"

Baba akasema, "Ikifungwa ni wako, Mama."

"Basi Krismasi yangu ni siku hiyo. Nataka wanangu wote, na wake, na waume, na watoto, mkeka mmoja, chakula kimoja, siku moja. Nikishaona hivyo sitawasumbua tena." Shangazi Mwanaisha alisema, "Mama usiseme hivyo," na Bibi akamwambia ameshasema.

Wakapanga palepale. Baba alijua hoteli ingefunguliwa mwezi wa saba, basi wakachagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekatika, kipupwe kimeingia, na mahindi mabichi yapo. Shangazi alikubali. Fundi Bakari alipopelekewa habari alikubali. Baba mdogo Tsuma wa Mombasa alikubali. Na katika watu wote hao, nusu wakijua Biblia na nusu wakijua Kurani, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuuliza mwezi utaandamaje. Tulikuwa tumeizoea kalenda ya hoteli kiasi cha kuisahau ile ya mbinguni. Mwezi ulipoonekana, Ukunda nzima ikapigiana makelele ya kupongezana, na Baba, aliyekuwa anakaangia mayai mawili watu watano, akaweka mwiko chini. "Mama Umazi," akamwita mama yangu kwa jina langu, "tumepanga Krismasi katikati ya Ramadhani." Hapo Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, kanga imemfunika uso, na ni mara ya kwanza nilipomsikia akicheka tangu hoteli ifungwe.

Kusogeza haikuwezekana, maana kabla ya Idi Baba angekuwa ameshaitwa kazini. Mama akashauri kwamba Shangazi na mumewe waje tu, wakae nasi, chakula chao wawekewe mpaka jua lizame. Kwa mtu yeyote mwenye akili huo ulikuwa ushauri mzuri, na ulipelekwa kwa Bibi. Jibu lake lilirudi na muuza makaa: hawezi kumeza tonge huku mwanawe mmoja akimtazama na kinywa kikavu, basi siku hiyo wote watafunga, na wote watafuturu. Mtu akamkumbusha methali, kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Bibi akasema methali hiyo ilitungwa na mtu mroho. Kwake yeye, asiyekuwepo husubiriwa.

Tulikwenda siku moja kabla, na tulipofika Katekista Mwero alikuwa ameshafika pia, amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Chumba cha Bibi kilikuwa na giza la kupendeza, kinanuka moshi na sufi, kwa kuwa nusu yake ilikuwa magunia ya sufi yaliyongojea msimu. Katekista alikuwa mtu mwema, lakini alipenda mambo yakae kwenye mistari. "Mama Mbeyu," akasema, "nasikia mnafanya Krismasi kesho. Krismasi ina siku yake. Ishirini na tano, Desemba. Na nasikia mnaifungia kama Waislamu. Kanisa litasema nini?"

Bibi alikuwa anamenya maharage. Hakuinua macho. "Wewe, Katekista, unaijua siku aliyozaliwa Yesu?"

"Inajulikana."

"Umebarikiwa. Mimi sijui hata siku niliyozaliwa mwenyewe. Niliambiwa ulikuwa mwaka wa njaa, basi. Na bado nilizaliwa, nikaolewa, nikazaa, na wewe mwenyewe umekuja kunisalimia." Katekista akasema hilo ni jambo jingine. Bibi akasema sikukuu hufuata watu, akamkaribisha kesho magharibi, aje na mkewe. Hakuja, lakini mkewe alikuja, akasema alikuwa anapita tu, akala vizuri sana.

Siku yenyewe kulikuwa na baridi ya kwetu, ile ya kujifunga kanga mbili na kutafuta upande wenye jua, upepo wa kusi ukitikisa migomba. Watoto wadogo walipewa uji. Mimi niliukataa, nikasema nimefunga, na Bibi akaniangalia kama mtu aliyeletewa zawadi. Fundi Bakari alichinja mbuzi ili aliwe na wote bila wasiwasi, akajifuta mkono, akarudi kivulini kufungua redio yake ya betri kila mara kana kwamba magharibi ingeweza kumpita bila habari. Shangazi na Mama walipika wali wa nazi, mbaazi, muhogo, na kupikia watu bila mtu kuonja ni kazi ya imani. "Chumvi imetosha?" Mama aliuliza, na Shangazi akamjibu, "Wifi, tutajua jioni." Walibishana juu ya chumvi ile siku nzima, wakicheka, wanawake wawili ambao kwa kawaida walipeana salamu za heshima na kukaa mbalimbali.

Na Baba alioka keki. Alikuwa amebeba kutoka Ukunda unga, zabibu kavu na kopo la siagi ambalo Mama hakuambiwa limetoka wapi. Akapanga makaa chini, akaweka sufuria kubwa kuliko zote, akafunika bati, akapanga makaa juu, akachuchumaa mbele yake kama anayemlinda mgonjwa. Nilikaa karibu naye. Aliniambia anaoka keki hii kila mwaka, kubwa mara nyingi kuliko hii, na hajawahi kumwona mtu anayempenda akiila. Alisema hivyohivyo, waziwazi, akipuliza makaa.

Alasiri tukasikia gari. Maneno, dereva wa hoteli, alishuka kwenye Landrova, akasalimia kila mtu kwa zamu yake, akaamkia Bibi, kisha akamwita Baba kando. Kando yenyewe ilikuwa chini ya dirisha, sote tukasikia. Hoteli imefunguliwa mapema. Kuna kundi la wageni limefika jana bila kutarajiwa, mpishi mkuu anamtaka Baba jikoni jioni ile ile, na akikosa kurudi na gari hili, kuna kijana kutoka Nairobi ameshaomba nafasi. "Sikupenda kuja, Ndoro," Maneno alisema. "Wallahi sikupenda. Lakini nimetumwa, na wewe unamjua yule mzungu."

Bibi aliendelea kupepeta kitu kisichohitaji kupepetwa. Yule aliyesema alikuwa Mama, na siku zote nimemheshimu kwa kusema. "Ndoro," alisema, "panda gari." Sauti yake haikuwa ya ukali. "Mwaka huu Umazi anafanya mtihani. Panda gari. Mama ataelewa."

Bibi hakusema kwamba ataelewa, wala hakusema kwamba hataelewa. Baba alimtazama Mama, akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, nami nikafanya jambo ambalo hadi leo silijutii: nilitikisa kichwa. Usiende. Akainama, akafunua bati kidogo, harufu ikatoka, akalifunika tena. "Keki haijaiva," akasema. Halafu akamgeukia dereva. "Mwambie shefu nimefunga. Mpishi aliyefunga hawezi kuonja, na mpishi asiyeonja atamharibia wageni wake."

"Ndoro, wewe ni Mkristo."

"Ndiyo. Na leo ni Krismasi. Mwambie hivyohivyo."

"Mwezi wa sita. Ataona mimi nimelewa."

"Mwambie Ndoro amesema hivyo mbele ya mama yake." Maneno akamwomba Bibi radhi, akapanda gari lake. Mama aliingia ndani. Fundi Bakari, ambaye hakuwa msemaji, alitamka, "Subhanallah," akaongeza sauti ya redio.

Adhana ilipotoka kwenye kile kiredio, tulikuwa tumeshakaa, mkeka umeungwa na mkeka, hakuna aliyekosekana. Bibi alihesabu kwa macho, midomo ikitembea na majina yetu. Tende zikapita, mtu mmoja mmoja. Nilikuwa sijawahi kuijua tende ilivyo mpaka jioni ile. Baba akaomba sala fupi, Fundi Bakari akasema amina pamoja nasi, kisha tukala. Mbaazi hazikuwa na chumvi hata chembe. Tulizila, tukazisifu, na Mama, aliyekuwa amerudi macho mekundu, alisema, "Si niliuliza?" na watu wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Nilimwona Bibi akila nyama kwa kuitafuna muda mrefu na kuimeza kwa shida, akijilazimisha, kwa kuwa ilikuwa karamu yake na hakutaka mtu amwonee huruma.

Mwisho ikaja keki. Ilikuwa ya duara, maana sufuria haina pembe, lakini mkono wa Baba ulikuwa na mazoea yake. Ukakata kando upande huu, kando upande ule, mpaka duara likawa mraba, na zile kando zikaanguka kwenye sinia. Aliziona zimekaa pale. Alizitazama sana. Kisha akazisukuma mbali kwa ubapa wa kisu, akakata kipande cha katikati kabisa, akampa Bibi kwa mikono miwili. Kilichofuata akanipa mimi. Kilikuwa laini, kina unyevu, zabibu zimejaa tele, si kama kile kikavu tulicholetewa kwenye karatasi. Niliudhika. Nasema kweli, kabla ya furaha nilipata hasira, kwa kujua kwamba miaka yote kulikuwa na katikati na katikati hiyo ilikwenda kwa watu wengine. Kisha nikaimaliza yote.

Yaliyofuata Nyamawi anayajua nusu, na ile nusu ndiyo inayompa kiburi cha kusema. Baba hakurudishwa kazini. Alikwenda, akasimama langoni, akaambiwa nafasi imejazwa. Bibi alifariki vuli ilipoanza, kimya kimya, na tulipomzika tulimlaza na mto wa sufi yake mwenyewe. Mtihani nilifaulu. Nafasi ya shule ya bweni ilikuja, ikapita, kwa kuwa hapakuwa na cha kunipeleka, na mwaka mzima uliofuata nilikaa na Baba pale Kona ya Musa, yeye anakaanga mahamri, mimi nauza, wenzangu wakipita na masanduku ya shule. Mama alikuwa na hasira ndefu. "Wao walikula sikukuu," alimwambia jirani pale bombani, "na mwanangu anakula moshi." Alikuwa na haki. Desemba ile Baba alikuwa nyumbani kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye kiti chake, hakuna nguo za pasi juu yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua la kuzungumza naye. Ilikuwa Krismasi ya huzuni kuliko zote. Nilikwenda shule mwaka uliofuata, mkubwa kuliko darasa, nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha Msambweni mpaka nikastaafu. Watu wameniambia mara nyingi kwamba bibi yangu alinipotezea mwaka. Nawajibu kwamba mwaka ule nilikaa na baba yangu tangu alfajiri mpaka jioni, kila siku ya Mungu, na waulize watoto wa hoteli nani mwingine aliyewahi kupata hivyo. Na mwezi wa sita ulipofika tena, ni Mama, huyohuyo Mama, aliyefunga magunia akasema, "Haya, twendeni kwa Bibi." Tangu hapo hatujaacha. Tunafunga, Waislamu na Wakristo, Ramadhani iwe karibu au mbali, na tunakula jua likizama.

Siku ya mwisho ya matanga Nyamawi alinirudia, na safari hii alikuja na hoja. Hoteli hazifungwi tena masika, alisema. Mwezi wa sita hakuna anayepata ruhusa, ila Desemba siku hizi ruhusa hutolewa kwa zamu. "Na Shangazi, wewe mwenyewe husema Bibi alisema sikukuu hufuata watu. Basi watu sasa wanapatikana Desemba." Alinipata. Nilifundisha watoto maisha yangu yote, najua mtoto akinipata. Nilikaa nikalitafuta jibu, nikalipata, na ndilo hili: "Desemba ni siku mnayopewa. Mwezi wa sita tuliuchukua wenyewe, na babu yako aliulipia. Kinacholipiwa hakirudishwi dukani." Akasema atajaribu, lakini nisimtarajie. Nikamwambia kumtarajia ni juu yangu, si juu yake.

Basi kipupwe kikaingia. Wiki iliyopita tulikuwa hapa bomani, wajukuu wa Baba, watoto wa Shangazi Mwanaisha na watoto wao, makaa chini na makaa juu, keki nimeoka mimi kwa mkono wa kujifunza. Alasiri simu ikalia. Nyamawi alikuwa zamuni, wageni wamejaa, hajui atatoka saa ngapi. "Shangazi, futuruni tu," alisema. "Msinisubiri. Niwekee kipande cha kando, nitakipitia kesho."

Nilitazama keki, bado imefunikwa. "Vya kando tulishavila sisi," nikamwambia. "Wewe njoo ule cha katikati." Nikakata simu, nikawatangazia watu kwamba tunangoja. Watoto walinung'unika. Adhana ikatoka kwenye simu ya mtu, tende zikabaki kwenye sahani, na hata watoto wa Shangazi Mwanaisha, walio Waislamu na wenye haki yao ya kula saa ile ile, walikunja mikono wakasema hawana haraka. Alifika giza limeshaingia, bado amevaa sare na kibao cha jina kifuani, akatukuta tumekaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametia kitu kinywani.